Somo kwa Kamati za Diakonia: Dawa Isiyomngoja Mgonjwa



Katika ziara zetu za robo hii tuliulizwa swali moja karibu kila usharika, kuanzia Machame mpaka Mwika. Kwa nini mgonjwa tuliyemchangia nauli na fedha za kipimo anarudi kutoka Dar es Salaam bila kupimwa? Wengine waliuliza kwa upole, wengine kwa hasira. Mzee mmoja wa kanisa alisema mbele ya kikao kwamba fedha za watu zinaliwa. Tumeona ni vema tulijibu swali hili kwa somo zima, maana jibu lake linatokana na tabia ya dawa yenyewe, na mtu anayeijua vizuri tabia hiyo ni mteknolojia wa tiba ya nyuklia, mfanyakazi ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kamati moja ya huku mlimani ilituletea habari za mzee mwenye saratani ya tezi dume. Madaktari walitaka kujua kama ugonjwa umeshafika kwenye mifupa, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atapasuliwa au atatibiwa kwa njia nyingine. Kipimo kinachohitajika kinaitwa skani ya mifupa. Washarika walichanga Jumapili mbili. Mikungu ya ndizi, kuku na debe la mahindi vikapigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada, na sisi wa ofisi ya miradi tukaongeza kiasi kilichopungua. Tarehe ya kipimo ilikuwa Jumatano saa mbili asubuhi. Tukamkatia mzee na kijana wake tiketi za basi la Jumanne, tukaona kazi imekwisha.

Basi likaharibika kabla ya Korogwe. Wakalala njiani. Walipofika hospitali ilikuwa Jumatano saa tisa alasiri. Mteknolojia, dada mmoja mwenye umri wa kuwa binti yake, alimwamkia mzee, akampa pole ya safari, kisha akawaeleza kwamba dawa iliyotayarishwa asubuhi kwa ajili yake haifai tena.

"Si mtengeneze nyingine, dada?" kijana akauliza.

"Kaka, ng'ombe tulishamkamua asubuhi. Kilichobaki hakitoshi mtu mmoja. Na maziwa ya kesho yana wenyewe."

Kijana alidhani anataniwa. Alipigia simu ofisi yetu akilalamika kwamba baba yake mgonjwa anaambiwa habari za ng'ombe. Sisi nasi hatukuelewa, tukakasirika pamoja naye. Walikuwa na fedha ya kulala usiku mmoja tu, na nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya wiki iliyofuata. Wakarudi.

Baadaye ndipo tulipopata nafasi ya kuuliza, na tukagundua kwamba yule dada alikuwa ametueleza jambo lote kwa neno moja.

Ng'ombe wa maabara

Katika eksirei ya kawaida, mashine ndiyo inayotoa mionzi. Inapita mwilini, picha inapatikana, basi. Mgonjwa akitoka chumbani hana mionzi yoyote. Katika tiba ya nyuklia mambo yamegeuzwa. Mgonjwa anadungwa sindano yenye dawa inayotoa mionzi kidogo, dawa hiyo inakwenda kwenye kiungo kinachochunguzwa, na mashine iitwayo kamera ya gama inakaa kimya ikipokea mionzi inayotoka mwilini mwake. Kwa hiyo picha inaonyesha jinsi kiungo kinavyofanya kazi, zaidi ya umbo lake. Hii ndiyo faida yake kwa mgonjwa kama mzee wetu. Eksirei huonyesha doa kwenye mfupa wakati mfupa umeshapoteza sehemu kubwa ya madini yake. Skani ya mifupa huweza kuonyesha mabadiliko hayo mapema zaidi.

Tusichanganye pia na kile ambacho watu wetu hukiita "kuchomwa mionzi". Hiyo ni tiba ya saratani kwa mashine kubwa, na ni idara nyingine. Mtu aliyefanyiwa skani ya mifupa hanyonyoki nywele wala haungui ngozi.

Dawa inayotumika zaidi duniani katika kazi hii inaitwa teknishiamu. Elementi hii iligunduliwa mwaka 1937 nchini Italia, na aina inayotumika hospitali inapungua nusu kila baada ya saa sita. Hebu tuhesabu. Ikiwa saa kumi na mbili asubuhi una sehemu 100, saa sita mchana utakuwa na 50, saa kumi na mbili jioni 25, saa sita usiku 12 na nusu. Saa tisa alasiri, wakati mzee wetu anaingia mlangoni, ilikuwa imebaki theluthi tu. Na hata kama angedungwa hapo hapo, skani ya mifupa inahitaji mgonjwa asubiri kama saa tatu baada ya sindano, akinywa maji na kukojoa, ili dawa ishike mifupa na ile ya ziada itoke mwilini. Kamera ingewashwa jioni.

Kwa nini basi wasiweke akiba ya kutosha? Kwa sababu kitu kinachopungua nusu kila saa sita hakiwekwi stoo. Huletwa kikiwa bado ndani ya mzazi wake, madini mengine yaitwayo molibdenamu, ambayo yenyewe hupungua nusu kwa saa 66, yaani siku mbili na robo tatu. Mzazi huyo hufungiwa katika mtungi mdogo wenye kuta nzito za risasi. Kila asubuhi mteknolojia hupitisha maji ya chumvi, yale yale ya dripu, ndani ya mtungi, na maji yakitoka huwa yamebeba teknishiamu iliyozaliwa tangu jana. Kesho yake mtungi umejaza tena. Ndiyo maana wafanyakazi wa kazi hii duniani kote huuita ng'ombe, na kazi hiyo huiita kukamua.

Kwa akina mama wa Nronga, ambao tangu mwaka 1988 wana ushirika wao wa maziwa, hakuna haja ya kufafanua zaidi. Wanajua maziwa ya asubuhi yana saa yake, na gari la kuyachukua halimngoji aliyechelewa kuamka. Tofauti ni kwamba ng'ombe huyu hatunzwi kwa majani. Hata asipokamuliwa anakauka. Baada ya wiki moja amebakiza kama sehemu moja ya sita ya nguvu aliyokuja nayo, na lazima aletwe mwingine kwa ndege.

Na anatoka mbali. Molibdenamu hii hutengenezwa katika vinu vichache sana vya nyuklia: Petten nchini Uholanzi, Mol nchini Ubelgiji, Pelindaba nchini Afrika Kusini, na vingine vichache. Miaka ya 2009 na 2010, kinu cha Chalk River nchini Kanada na kile cha Petten viliposimama kwa matengenezo, hospitali za nchi tajiri nazo ziliahirisha wagonjwa. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, taabu ilirudi. Mgonjwa wa Kibosho anaweza kukosa kipimo kwa sababu ya bomba lililooza Ulaya. Hilo halimo mikononi mwa kamati. Basi la Jumanne lilikuwa mikononi mwetu.

Asubuhi ya mteknolojia

Wa kwanza kufika idarani ni yeye. Kabla ya kugusa kitu anavaa beji kifuani, ambayo haimkingi bali inaandika kiasi cha mionzi alichopokea. Beji hizo hukusanywa na kusomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye maabara zake hapo jirani yetu Arusha. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa raia wa kawaida ni 1, mbali na ile tunayoipata sote kutoka ardhini na angani na ile ya matibabu yetu wenyewe.

Anapima vyumba kwa kifaa cha kugundua mionzi, kuona kama jana kuna tone lililomwagika. Anakagua kamera kama inaona sawasawa pande zote, kwa sababu kamera yenye doa lake yenyewe itampa mgonjwa ugonjwa asiokuwa nao. Ndipo anakamua. Anapima nguvu ya alichokamua, anahakikisha molibdenamu haikupenya ikaingia humo, anachanganya na unga maalumu unaoipeleka dawa mahali panapotakiwa: unga mmoja kwa mifupa, mwingine kwa figo. Anagawa kwa hesabu ya saa. Wa saa mbili anatengewa kiasi hiki, wa saa nne kiasi kingine, maana dawa ya saa nne itakuwa imeshapungua ikisubiri. Orodha ya majina ukutani kwake ni hesabu. Jina moja likikosekana, hesabu yote ya siku hiyo inaharibika, na kile kilichotengwa hakiwezi kumsaidia wa kesho.

Kinga yake ni mambo matatu ambayo mama yeyote anayepika kwa kuni anayafahamu: usikae muda mrefu motoni, usisogee karibu bila sababu, na weka kizuizi katikati. Ukienda mbali mara mbili, mionzi inapungua mara nne. Kwa hiyo anafanya mazoezi ya mikono kwa maji matupu mpaka awe mwepesi, anashika vichupa kwa koleo, na bomba lake la sindano limevalishwa gamba zito. Akipata ujauzito anatoa taarifa mapema ili apangiwe kazi nyingine.

Halafu ndiyo anamwita mgonjwa. Anamuuliza jina, na analilinganisha na cheti. Kina mama wanaulizwa kama ni wajawazito au wananyonyesha, na tunaomba watumishi wanaowasindikiza wasiwajibie, kwa sababu mama anaweza kuwa na jibu asilotaka mwinjilisti alisikie. Anatafuta mshipa kwa mkono usiotikisika. Dawa ikimwagika nje ya mshipa, picha itaharibika. Baadaye anamlaza chini ya kamera, kama nusu saa, bila kutikisika. Kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo nusu saa hiyo ni ndefu. Mteknolojia mzuri humwekea mto chini ya magoti na kuzungumza naye.

Lipo jambo moja gumu ambalo tulilisikia kwa mmoja wao. Picha hujitokeza polepole kwenye kioo, naye ndiye mtu wa kwanza kuiona. Amezoea, anajua doa ni nini. Lakini kusoma picha ni kazi ya daktari, na mgonjwa anapoamka na kuuliza, "Vipi mwanangu, umeona nini?" inabidi amjibu kwamba daktari atamweleza. Alituambia kwamba hata uso wake anauchunga. Tunaomba wanaowasindikiza wagonjwa wasimbane kwa maswali.

Anaporudi nyumbani

Kuna dawa ya pili ambayo inatuhusu zaidi sisi tunaobaki kijijini: madini joto yenye mionzi. Tezi ya shingoni hunyonya madini joto popote yalipo kwenye damu. Wazee wetu wanakumbuka akina mama wengi wenye rovu huku milimani, ambako mvua za miaka mingi huosha madini hayo ardhini, kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini joto nchini miaka ya 1990. Tangu miaka ya 1940 madaktari wametumia tabia hiyo ya tezi kutibu: mgonjwa anameza kidonge au maji yenye madini joto ya mionzi, na tezi inaipeleka dawa mpaka kwenye seli zenye ugonjwa.

Dawa hii hupungua nusu kwa siku nane, sio saa sita. Kwa hiyo mgonjwa anaruhusiwa akiwa na maelekezo: alale peke yake kwa siku atakazoambiwa, asipakate watoto, akae mbali na wajawazito, awe na sahani na kikombe chake, anawe sana mikono, choo kitumike kwa usafi. Maelekezo hayo mara nyingi hufikiria nyumba yenye vyumba vingi na choo cha kuvuta maji. Kihamba chetu kina bibi anayelala na wajukuu watatu. Hapa kamati ina kazi ya kufanya kabla ya safari: kutafuta mahali watoto watakapolala. Vyombo vya kunywea kwa pamoja navyo viachwe kwa siku hizo, kwa kuwa dawa hii hutoka pia kwa mate. Kata ya mbege imo, na kikombe cha Meza ya Bwana kimo. Mchungaji anaweza kumpelekea mgonjwa huduma hiyo baadaye au kwa namna nyingine, bila kumtangaza.

Lakini siku zikiisha, ziishe. Tunamfahamu mama aliyerudi na nafuu, na miezi mitatu baadaye majirani bado walikuwa hawanunui maziwa yake, wakidai "ana bomu". Katika siku 80 dawa hiyo hupungua nusu mara kumi, inabaki chini ya sehemu moja ya elfu, mbali na ile iliyotoka kwa mkojo katika siku za mwanzo. Aliyemsaidia mama huyo ni parish worker wa mtaa wake. Alikwenda kununua lita mbili kila asubuhi, hadharani, akipita njia ya sokoni.

Barua ya mashine

Kwa marafiki wetu wa ng'ambo tunapenda kueleza jambo moja kwa uwazi. Wakati fulani kundi moja la wafadhili lilituuliza kama tungependa kupokea kamera ya gama iliyotumika, ije Moshi, ili wagonjwa wa mlimani wasisafiri tena zaidi ya kilomita 500. Moyo wetu ulifurahi. KCMC imejengwa kwa moyo kama huo. Ilifunguliwa mwaka 1971 kwa kazi ya makanisa na michango ya marafiki wa nchi nyingi. Hata hivyo hatukuandika ndiyo. Tuliandika maswali. Nani atalipia ng'ombe mpya kila mara, mwaka wa kwanza, wa pili na wa kumi? Nani atashughulikia vibali vyake vya kuingia nchini, na gari la kuutoa uwanja wa ndege siku hiyo hiyo? Umeme ukikatika na chumba kikapata joto? Na nani atakamua?

Tanzania idara hizi ni chache. Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza ndizo ambazo watu wetu huzitaja. Shahada za mionzi zinafundishwa Muhimbili na Bugando, lakini mteknolojia wa tiba ya nyuklia anahitaji mafunzo zaidi, mara nyingi nje ya nchi, na wengi wamesaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna, ambalo nchi yetu ni mwanachama tangu 1976. Na mmoja hatoshi. Ana likizo, ana malaria, ana uzazi. Kamera bila watu wawili wa namna hiyo na mtungi unaofika bila kukosa ni banda zuri lisilo na ng'ombe, na mabanda ya namna hiyo tunayo tayari katika miradi mingine, hatutayataja.

Wafadhili walikaa kimya miezi miwili. Kisha wakakubali kulipa ada ya kijana mmoja anayesoma shahada ya mionzi, kwa mkataba wa kurudi kuhudumu. Baadhi yetu walinung'unika, kwa sababu mtu hawezi kubandikwa kibao chenye jina la mfadhili. Kijana yuko mwaka wa tatu.

Kuhusu mzee wetu, alisafiri tena baada ya wiki sita, safari hii akifika siku mbili kabla na kulala kwa ndugu wa msharika huko Mbagala. Picha zilionyesha madoa kwenye uti wa mgongo na nyonga. Alipewa tiba ya kutuliza maumivu, na mwezi uliofuata aliweza kukaa kwenye benchi la kanisa mpaka mwisho wa ibada. Hatuwezi kusema kama zile wiki sita zingebadilisha ugonjwa wake. Tunachojua ni kwamba wiki hizo sita alilala na maumivu ambayo hakuna aliyejua yanatoka wapi.

Tangu hapo ofisi haitoi fedha ya kipimo hiki bila kamati kujaza fomu yenye mambo haya: mgonjwa atafika mjini siku mbili kabla, atalala kwa nani, fedha ya usiku mitatu zaidi ipo, namba ya simu ya idara imeandikwa, na mtu mmoja amepewa kazi ya kuipiga siku moja kabla ya safari kuuliza kama mtungi umefika. Ikiwa mgonjwa hawezi kwenda, idara ijulishwe mapema ili nafasi apewe mwingine.

Maswali ya kujadili katika kamati: Katika mtaa wenu, nani ana ndugu Dar es Salaam au Mwanza anayeweza kumpokea mgonjwa asiye wa ukoo wake? Je, yupo mtu aliyetibiwa kwa mionzi ambaye bado anaepukwa, na nani atakuwa wa kwanza kwenda kwake? Mkichanga, huwa mnahesabu nauli tu, au na siku ambazo basi litaharibika?

Fomu zinapatikana ofisi ya miradi na kwa wakuu wa majimbo. Kamati zenye wagonjwa wanaosubiri tarehe zilete majina kabla ya mwisho wa mwezi.